Mdogo wako asiyeona na mkopo wa chuo

Dada, hongera kwa mdogo wako kufaulu kidato cha sita. Umeuliza kama asiyeona ana njia yoyote ya kulipiwa chuo. Ipo. Aombe Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania, HESLB, mapema, kabla dirisha halijafungwa, kwa sababu ulemavu ni mojawapo ya vigezo vinavyoangaliwa.

Tatizo huwa kwenye karatasi. Kusema tu kwamba haoni hakutoshi: lazima Mganga Mkuu wa wilaya au mkoa athibitishe kwa saini na mhuri. Nendeni hospitali ya wilaya wiki hii. Cheti cha kuzaliwa nacho kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na majina yafanane herufi kwa herufi na ya cheti cha shule. Umsomee fomu yote kwa sauti kabla hajasaini, maana deni ni lake. Huo ni mkopo, utarejeshwa.

Ile asilimia mbili ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wenye ulemavu ni ya biashara, msiitegemee kwa ada. Akikosa mkopo, akate rufaa dirisha likifunguliwa. Akifika chuoni, aulize mapema kuhusu vitabu vya nukta nundu na kompyuta yenye programu ya kusoma skrini.