Maswali na majibu: Mtaala mpya na ofisi ya mwalimu mkuu

Wiki hii walimu wengi wameuliza kuhusu mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ulioanza kutumika Januari 2024.

Walimu wangu wanaandika andalio la somo vizuri, umahiri mkuu na umahiri mahususi (yale mtoto anayotakiwa kuweza kufanya) vyote vimo. Nikipita madarasani nakuta watoto wananakili ubaoni. Nifanyeje? (Mwalimu mkuu, Kilosa)

Mwalimu, andalio liache kwanza. Wamezoea kwamba ndilo linalokaguliwa, basi wanalipamba. Ingia darasani, kaa dawati la nyuma, utazame jambo moja tu: watoto wanafanya nini? Chukua somo la vipimo, darasa la tatu. Mwalimu mmoja anaandika "sentimita 100 = mita 1" na watoto wanaitikia kwa pamoja. Mwenzake anagawa vipande vya kamba vya mita moja, wapime mlango, dawati, upana wa darasa. Majibu yanapishana, wanabishana nani alilegeza kamba. Huyo wa kwanza mpe nafasi akakae kwenye kipindi cha mwenzake, na kipindi chake ukishike wewe. Kisha zungumza naye siku hiyohiyo, faragha. Fomu ya kumpa mwalimu alama iache ofisini. Akiiona atakufundisha wewe badala ya watoto.

MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwetu imegeuka kikao cha matangazo. (Mwalimu wa taaluma, Mbozi)

Matangazo yabandikwe ubaoni. Mafunzo hayo yapewe saa yake kwenye ratiba, na mkuu akae humo kama mshiriki, mtu mwingine aongoze. Anzeni na somo moja lililomshinda mmoja wenu wiki hiyo. Mkuu akianza na la kwake, wengine watafunguka.

Nina watoto zaidi ya 100 darasani. Vikundi nitaviweka wapi? (Mwalimu, Temeke)

Hapo tusidanganyane, idadi hiyo inaumiza. Tumia wawili wawili palepale walipokaa. Mkuu naye asikuache peke yako: mwalimu asiye na kipindi aje mshirikiane.

Nanunua manila na gundi kwa pesa yangu. Ni sawa? (Mwalimu, Kasulu)

Hapana. Kufaragua zana, yaani kuzibuni mwenyewe kwa vizibo na mabua, ni kazi yako. Manila ziingie kwenye bajeti ya ruzuku ya shule. Orodhesha mahitaji ya muhula, umpe mkuu kwa maandishi.

Wazazi wanalalamika madaftari hayajai. (Mwalimu mkuu, Muheza)

Kikao kijacho cha wazazi, watoto wawapimie ukumbi kwa kamba kabla hujasimama kuhutubia, wazazi waone kwamba kujifunza si kunakili tu.