Daftari la Zamu Wakati wa Likizo

Mmeuliza wiki hii: mashirika ya kujitolea katika mji mdogo wenye chuo yanamsaidia nani hasa, na nini kibadilishwe? Kwa miaka tisa nimekuwa nikipanga zamu katika ghala la chakula la mji wa aina hiyo, ambako familia zilizopungukiwa huja kuchukua mahitaji ya wiki bila malipo. Mimi naanzia kwenye kalenda.

Mji wa chuo una kalenda mbili, ya chuo na ya wanaobaki. Mashirika karibu yote yanafuata ya chuo, maana mikono inatoka huko. Muhula ukifunguliwa napata majina mengi kuliko zamu nilizo nazo. Wanafunzi wanakuja kwa makundi, wana moyo, hawachagui kazi. Mitihani ikikaribia wanapungua, na hilo naliona haki yao. Likizo ndefu ikiingia, daftari langu linabaki na majina sita, na wanne kati yao wamevuka miaka 70.

Na likizo hiyohiyo ndiyo inayoleta foleni. Wapishi wa bwalo la chuo, wafagiaji wa mabweni, wahudumu wa migahawa inayoishi kwa wanafunzi: wengi wao wana ajira ya miezi ya masomo tu. Chuo kikifungwa, kipato kimekatika. Shule za watoto nazo zimefungwa, kwa hiyo mlo ambao mtoto alikuwa akiupata shuleni sasa unatakiwa utoke nyumbani. Kodi ya nyumba haina likizo, tena katika miji hii huwa juu, kwa kuwa wanafunzi wanne wakichangiana chumba kwa chumba wanamshinda baba mwenye familia na mshahara mmoja.

Mwaka wangu wa pili tulifunga ghala wiki tano kwa kukosa watu. Siku ya kufungua nilimkuta mama mmoja amefika kabla yetu. Nilimfahamu kwa sura, ni mpishi wa bwalo, na vijana wangu wa zamu walikuwa wakila chakula chake kila siku. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama mwakani tutafunga tena, ili ajipange mapema. Nilikosa la kumjibu, na tangu siku hiyo naipanga ratiba nikianzia likizo, kisha narudi nyuma kwenye mihula.

Wapo watakaosema nawabeza wanafunzi. La hasha. Kazi ya namna hii ina deni kubwa kwao. Mwaka 1884 Samuel na Henrietta Barnett walianzisha Toynbee Hall mashariki mwa London, na vijana waliotoka vyuo vya Oxford na Cambridge wakahamia humo, wakalala na kuamka mtaa mmoja na watu maskini. Clement Attlee, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliwahi kuwa katibu wa nyumba hiyo. Nguvu ya mpango ule ilikuwa katika kuhamia. Kijana aliyehamia alimwona jirani yake siku mbaya na siku njema, hakumwona Jumamosi peke yake. Nayo Oxfam, shirika la misaada lililoanza Oxford mwaka 1942, halikusimamishwa na vijana bali na watu wazima wenye mizizi mjini: kasisi wa kanisa la chuo kikuu, profesa, mfanyabiashara.

Tena tusisahau kwamba mwanafunzi naye hulala njaa. Wanafunzi wa Michigan State University walifungua ghala lao la chakula mwaka 1993 kwa ajili ya wenzao. Na wanaobaki mabwenini wakati wa likizo mara nyingi ndio wasio na pa kwenda.

Kuna jambo moja linaloniumiza, nalo linahusu takwimu. Nchini Marekani, ofisi ya sensa haiwaingizi wanafunzi wa mabweni katika hesabu ya umaskini, lakini waliopanga vyumba mtaani inawaingiza. Katika mji mdogo hilo linatosha kuipandisha asilimia ya maskini. Mfadhili akiiona, anaambiwa hao ni wanafunzi, watamaliza masomo na kupata kazi. Basi anageukia mji mwingine, na mpishi wa bwalo, ambaye ni maskini wa mwaka mzima, anafichwa na asilimia ileile iliyopaswa kumtetea. Ndiyo maana kwenye maombi yetu ya ruzuku sasa tunaandika idadi ya kaya tulizohudumia mwezi kwa mwezi, na miezi ya likizo tunaiweka mwanzo.

Kuhusu cha kubadilisha, ningeanza na mshahara. Wafadhili hupenda kutoa majokofu, rafu, hata gari, kwa sababu vitu hupigwa picha. Mtu mmoja wa kulipwa miezi 12 hawamtaki. Lakini ni yeye anayejua funguo ziko wapi, nani anaumwa, mzee gani apelekewe nyumbani. Bila yeye, kila kundi jipya la wanafunzi linaanza kujifunza upya yale ambayo kundi lililopita lilikuwa limeyajua. Halafu bodi. Nimekaa kwenye bodi zilizojaa wahadhiri watupu, watu wema kabisa, na hakuna aliyewahi kusimama kwenye foleni yetu. Mpishi apewe kiti hapo, na kikao kiwekwe saa ambayo hayuko jikoni.

Yule mama aliingia kwenye bodi yetu miaka mitatu iliyopita. Kura yake ya kwanza ilikuwa ya kuihamishia likizo bajeti ya shughuli za kufungua muhula, na ilipita. Likizo hii tutafungua siku tatu kwa wiki. Jumanne asubuhi bado natafuta mtu mmoja.