Nafyatua, lakini hakuna kinachoanguka

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimepata kaseti ya gemu ya bunduki ya NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo. Gemu yenyewe haikuwahi kuingia sokoni, kampuni iliifuta. Menyu inafunguka, muziki unalia, ndege za adui zinapita, ila nikifyatua Zapper, bunduki ya plastiki ya mashine hiyo, hakuna inayoanguka, hata nikiwa hatua moja kutoka kwenye skrini. Je, iliachwa kabla haijakamilika? Ndani ina chipu yenye kibandiko cheupe kilichoandikwa kwa kalamu. Naweza kukibandua nione kilichopo chini?

JIBU: Marahaba. Kibandiko usikiguse! Nitakirudia.

Hukusema una TV gani, lakini nabahatisha ni flati. Weka Duck Hunt, gemu iliyokamilika na kuuzwa tangu 1984. Nayo ukiikosa kila ndege, basi usiwasingizie walioifuta hiyo yako.

Zapper hairushi chochote. Ni jicho. Nyuma ya mtutu kuna lenzi na kihisi mwanga, basi. Ukifyatua, gemu huzima picha yote iwe nyeusi kwa fremu moja, kisha huchora mraba mweupe pale ilipo shabaha. Jicho likiona giza halafu mwanga, umepiga. Shabaha zikiwa mbili, kila moja hupewa mraba wake kwa zamu, na gemu hujua umepiga ipi kwa kuangalia mwanga umeingia zamu ya nani. Kila zamu ni sehemu moja ya 60 ya sekunde. Mimi mpaka leo nikiiwaza naona ni ujanja wa hali ya juu kwa kitu kilichoitwa cha watoto.

Flati huipokea picha, huichakata, ndipo huionyesha. Mraba ukitokea, gemu imeshafunga hesabu. Isitoshe, saketi ya Zapper inasubiri mwanga wa TV ya chogo, ambayo huchora mistari kama 15,000 kwa sekunde. Mwanga uliotulia haiujali, ndiyo maana hata kuilenga balbu hakukupi pointi.

Kwa hiyo azima TV ya chogo. Lakini kabla ya hapo kuna jaribio unaloweza kulifanya sasa hivi: fyatua huku ukikodolea skrini. Ikipepesa nyeusi na nyeupe, msimbo wa kulenga umo. Isipopepesa kabisa, huenda waliifuta gemu kabla mtu hajafika sehemu hiyo, na hapo hakuna TV itakayokusaidia.

Sasa kibandiko. Kaseti za majaribio zilitumia chipu ya EPROM, yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Mwanga wa urujuanimno (UV, uliomo kwenye jua) ukipita pale, programu hufutika, na kibandiko ndicho pazia lake. Mimi niliwahi kukibandua kwenye kaseti ya rafiki ili nipige picha, nikaisahau kwenye dirisha la jua zaidi ya wiki. Nilipoiwasha ilitoka rangi moja tupu. Yule bwana alinisamehe, ila kaseti hakuniazima tena.

Chipu hizi pia hupoteza kumbukumbu zenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Mtafute mwenye kifaa cha kusoma EPROM, anakili yaliyomo kabla hujacheza sana. Na kibandiko kikiwa kimeanza kunyanyuka pembeni, bandika kingine juu yake.