Mafunzo ya usonji yaanzie kwa mwalimu mkuu

Semina nyingi za usonji huita walimu wa darasa la kwanza na la pili. Wanarudi shuleni na ujuzi mzuri, lakini hawana mamlaka. Anayeamua mtoto apokelewe au arudishwe nyumbani, nani amfundishe na kengele ipigwe wapi ni mwalimu mkuu, na juu yake Afisa Elimu Kata. Kwa halmashauri za Kigoma na Tabora kama Uvinza, Kasulu au Kaliua, pesa ya mafunzo ikiwa kidogo, tunashauri ianze na hao wawili pamoja na Afisa Elimu Maalum wa halmashauri. Washiriki wasizidi 25, la sivyo hakuna atakayefanya mazoezi, wote watasikiliza tu.

Siku mbili za ukumbini zinatosha kuanzia, zikifuatwa na ziara ya shuleni baada ya wiki sita. Hazimfanyi mtu mtaalamu. Mwalimu anayetaka kubobea aende Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum kilichoko Arusha. Lengo hapa ni kiongozi ajue la kufanya Jumatatu asubuhi.

Siku ya kwanza ondoa hofu. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na dalili zake huanza kabla ya miaka mitatu. Si laana, hauambukizi, wala hautokani na malezi ya mama. Mwalimu mkuu hapimi usonji. Kazi yake ni kuandika anachokiona na kumwelekeza mzazi kituo cha afya ili apate rufaa ya hospitali ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora. Asisitize masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii. Aulize pia kuhusu kifafa, kwa sababu hutokea zaidi kwa watoto wenye usonji kuliko kwa wengine.

Siku ya pili watoke ukumbini, wakaikague shule ya jirani. Rimu ya gari inayogongwa kama kengele mlangoni mwa darasa humuumiza mtoto ambaye masikio yake hayavumilii kelele. Ataziba masikio, atapiga mayowe au atakimbia, kisha ataitwa mtundu. Ihamishiwe mbali, na mtoto aonywe kabla haijapigwa. Paredi ya asubuhi yenye ngoma asilazimishwe. Asimame pembeni au atangulie darasani.

Kukimbia ndiko kunakotutia hofu zaidi. Watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji, na shule nyingi hazina uzio. Vijiji vya mwambao wa Tanganyika vina ziwa, na Tabora kuna malambo na visima visivyofunikwa. Mwalimu mkuu ataje kwa jina watu wawili wanaomwangalia mtoto saa ya mapumziko, na wa tatu wa kushika zamu mmoja akikosekana. Kusema "walimu wote tumwangalie" maana yake hakuna anayemwangalia.

Kadi za ratiba hazihitaji bajeti. Kata boksi vipande vya sentimita 10 kwa 10, chora kitendo kimoja kwa kila kadi: kuandika, uji, choo, kucheza. Anza na mbili tu, "kwanza" na "kisha". Akizizoea, ongeza hadi tano au sita, na kila kazi ikiisha mtoto ageuze kadi yake mwenyewe. Zinaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu mwalimu amebandika ratiba ya wiki nzima ukutani, au kadi zimefungiwa kabatini zisichafuke. Zichafuke. Ukimpa agizo, liwe fupi, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulirudia.

Viboko viachwe kabisa kwa mtoto huyu. Badala yake kuwe na daftari la safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Likijazwa wiki mbili bila kuruka siku, chanzo huanza kuonekana: njaa, kelele, kubadilishiwa kiti.

Kuhusu familia, shule nyingi humwita mzazi mtoto akishauma mwenzake tu. Mkutano wa kwanza ufanyike kabla ya tatizo, nje ya msimu wa palizi au wa kuchuma tumbaku, na ofisi isijae walimu. Baba na bibi waalikwe pia, kwani mama mara nyingi ndiye anayelaumiwa ukweni, na neno la mwalimu mkuu lina uzito pale. Aanze hivi: "Karibu, mama. Wewe ndiye unayemjua. Anapenda nini, anaogopa nini, na akitaka maji anakuonyeshaje?" Majibu yaandikwe. Kama nyumbani wanazungumza Kiha au Kinyamwezi, wasiambiwe waache. Mtoto anahitaji lugha ambayo mama anaisema kwa wepesi.

Katika ziara ya wiki ya sita mkufunzi aombe daftari, aone kadi zinavyotumika na ahesabu mahudhurio ya mtoto. Kisha aulizie uhamisho, kwa kuwa mwalimu mmoja akihamishwa, kazi ya mwaka mzima huondoka naye. Dawa yake ni karatasi moja ya makabidhiano: vinavyomtuliza, vinavyomvuruga, namna anavyoomba, waangalizi wake. Nakala moja ikae kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa Afisa Elimu Kata, ya tatu kwa mzazi.