Maswali Yenu: Mkeka wa Kuchezea Mtoto Umetengenezwa kwa Nini?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinahusu kitu kimoja: mkeka wa povu ambao mtoto hulazwa juu yake, hutambaa juu yake, na kabla hujageuka ameshautia mdomoni. Tumechagua maswali sita yanayobeba mengine yote.

Nimenunua mikeka ya vipande vya kuunganisha, ile yenye herufi na namba. Nilipofungua mfuko harufu ilinichoma pua. Muuzaji anasema niianike juani siku mbili, itaisha. Mwanangu ana miezi minne na nimeanza kumlaza kifudifudi. Niitumie? — Mama wa mtoto mmoja

Usiitumie kwanza, mama, na juani usiianike.

Vipande hivyo kwa kawaida ni povu la plastiki laini iitwayo EVA. Plastiki yenyewe siyo inayotusumbua. Kinachotusumbua ni kiumulio, yaani unga unaochanganywa na plastiki kiwandani ili ivimbe na kujaa vijishimo vya hewa, kama hamira inavyoumua donge la unga. Kiumulio kinachotumika sana huitwa azodikabonamidi. Kikipata joto kinatoa gesi, na ndani ya povu hubaki mabaki, yakiwemo amonia na formamaidi. Amonia ndiyo inayochoma pua, nayo huondoka upesi. Formamaidi haina harufu kali, hutoka kidogo kidogo, na ndiyo yenye hatari zaidi, kwani imewekwa kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo Ubelgiji na Ufaransa zilisimamisha uuzaji wa mikeka ya aina hii mwaka 2010. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukaweka kipimo kwa vitu vya kuchezea vya povu: povu lenye zaidi ya miligramu 200 za formamaidi kwa kilo moja lisitoe zaidi ya mikrogramu 20 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, na kiwango hicho kifikiwe ndani ya siku 28 tangu upimaji uanze.

Kwa hiyo harufu ikiisha baada ya siku mbili, iliyoondoka ni amonia. Formamaidi huenda bado ipo. Jua nalo lina madhara yake: miale yake huvunjavunja EVA, uso wa kipande unakuwa kama umepakwa chaki, unapasuka, na chembe zake zinaishia kinywani mwa mtoto.

Fanya hivi. Tenganisha vipande vyote, uvioshe pande zote mbili kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uvisuuze. Visimamishe kwa ubavu, vikiachana, kivulini penye upepo, au katika chumba ambacho mtoto halali, madirisha yakiwa wazi. Usivipange kwa kulundika, maana kipande cha katikati hakipati hewa. Kama huna ripoti ya vipimo ya mkeka huo, tunashauri uuache hivyo kwa wiki nne nzima. Kisha tia kipande kimoja kidogo kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, uifunge, uiache mahali pa joto usiku kucha, na asubuhi uifungue uinuse. Harufu ikikurudia kali, urudishe mkeka huo dukani. Isipokuwepo ni dalili njema, ingawa pua haiwezi kuchukua nafasi ya maabara.

Lingine ni hizo herufi zinazotoka. Tafuta kwenye kifungashio alama ya uso wa mtoto na maandishi 0-3 ndani ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari. Maana yake ni kwamba bidhaa hiyo haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na mara nyingi sababu ni vipande vidogo. Wanaopima usalama wa vitu vya kuchezea hutumia silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kitu kinachotumbukia chote humo kinaweza kumpalia mtoto. Nyumbani tumia gamba la ndani la karatasi ya choo. Ni pana kidogo kuliko silinda hiyo, kwa hiyo linakosea kwa upande wa usalama. Kitovu cha herufi A na vile vijiduara vya namba 8 hupita bila shida. Viondoe vyote, pamoja na vipande vyembamba vya ukingoni ambavyo mtoto mwenye meno mawili tu anaweza kuving'ata vikakatika.

Mkeka ninaoutaka umeandikwa "asilia", "salama kwa mtoto" na "hauna BPA", na una alama ya CE. Je, inatosha? — Baba mtarajiwa

Hongera, baba. Haitoshi.

"Asilia" na "salama" ni maneno ambayo mtengenezaji yeyote anaweza kuyaandika. Kukosa BPA pia hakukuambii mengi, kwa sababu kemikali hiyo ni ya plastiki ngumu za polikaboneti na rangi za epoksi, na povu la mkeka kwa kawaida halitengenezwi kwa vitu hivyo. Ni kama kusifiwa kwa kutokuwa na kosa ambalo hukutuhumiwa. Alama ya CE, yaani ya kudai kwamba bidhaa inatimiza kanuni za Ulaya, inakuja na uzito kidogo, lakini kwa vitu vingi vya kuchezea anayeiweka ni mtengenezaji mwenyewe, kwa tamko lake.

Uliza kwanza jina la plastiki, kwa sababu kila moja ina tatizo lake. Kama ni PVC, ambayo wengi huiita vinaili, uache. Ni plastiki ngumu inayolainishwa kwa mafuta maalumu, na kwa miaka mingi mafuta hayo yamekuwa ftaleti, kemikali zinazovuruga homoni. Hazijafungwa ndani ya plastiki, kwa hiyo zinahama taratibu kwenda kwenye vumbi, kwenye ngozi yenye mafuta na kwenye mate. Hazina harufu ya kukuonya, na kupunga hewa hakuziondoi. Ulaya na Marekani zinataka ftaleti zilizopigwa marufuku zisizidi asilimia 0.1 katika vitu vya watoto, na zipo PVC zinazolainishwa kwa vitu vingine, lakini dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho. PVC yenyewe utaitambua kwa uzito wake, kwa kunatanata joto likipanda, na wakati mwingine kwa namba 3 ndani ya pembetatu ya mishale.

Kama ni XPE, yaani polithini iliyofungamanishwa, uko mahali pazuri zaidi. Haihitaji vilainishi na maji hayaingii ndani yake. Wauzaji wengi, hata hivyo, husema XPE haina formamaidi kwa kuwa si EVA, na hilo si kweli: XPE nyingi huumuliwa kwa kiumulio kilekile. Dai ripoti. Polithini inayoumuliwa kwa gesi ya naitrojeni peke yake haina mabaki hayo, na mtengenezaji anayeitumia kwa kawaida hulitaja jambo hilo kwa majivuno.

Mikeka minene ya kukunja ina vitu viwili, povu la ndani na gamba la "ngozi". Gamba hilo linaweza kuwa PU au TPU (plastiki za jamii ya poliurethani) au PVC, na picha ya tangazo haikuonyeshi ni lipi. Uliza habari za gamba na za povu kila moja peke yake. Hili ndilo linalowapotosha wazazi hata kwenye vyeti. OEKO-TEX Standard 100 ni cheti kizuri cha nguo zilizopimwa kemikali hatari, na daraja la I ndilo la watoto mpaka miaka mitatu, lakini kinaweza kuwa kimetolewa kwa kitambaa cha juu tu. GOTS nayo inahusu nguo za pamba na nyuzi nyingine za kilimo hai. Haizungumzii povu lililoshonewa ndani. Cheti cha kweli kina namba. Ya OEKO-TEX unaweza kuiingiza kwenye tovuti yao ukaona ni ya bidhaa gani na kama bado ni hai.

Ripoti ya maabara unayoomba iwe na jina la mkeka huohuo, tarehe, na vipimo vinne: formamaidi, ftaleti, risasi na metali nyingine nzito (kipimo cha Ulaya EN 71-3 hupima elementi 19), na formaldehaidi (kemikali nyingine, si formamaidi) kama kuna gundi au kitambaa. Muuzaji akikujibu "tunayo ila ni siri", tafuta mwingine.

Usinunue mkeka wa mazoezi au vigae vya povu vya gereji kwa kuwa ni bei nafuu. Haviuzwi kama vitu vya kuchezea, kwa hiyo si lazima vitimize viwango vya vitu vya kuchezea.

Wanangu, sisi tulitandika blanketi chini na watoto wakakua. Hii mikeka ni ya lazima kweli? — Bibi

Shikamoo, Bibi. Si ya lazima. Blanketi la pamba lililofuliwa mara nyingi, likikunjwa mara mbili au nne, linamtosha kabisa mtoto ambaye bado hajaanza kukaa. Tunaongeza jambo moja: kwenye sakafu laini blanketi huteleza, na vitambaa vya mpira vinavyouzwa kuzuia utelezi mara nyingi ni PVC. Ni bora kuchomekea pindo chini ya miguu ya kochi zito. Mjukuu akianza kukaa, ndipo anaanguka chali ghafla, na hapo povu lina kazi.

Sakafu yetu ni ya vigae. Unene gani unafaa? Dada yangu anasema kadiri mkeka unavyokuwa laini ndivyo unavyomlinda zaidi. — Mama wa pacha

Unene na ulaini ni mambo mawili tofauti, mama, na ulaini kupita kiasi una hatari yake. Mtoto aliyelazwa kifudifudi anajifunza kujisukuma kwa mikono. Viganja vikizama, anasukuma bila kuinuka. Na akichoka akaangusha uso, povu laini linaweza kumzunguka pua na mdomo.

Kwa vigae au saruji, tunapendekeza sentimita 1.5 hadi 2 za povu gumu kidogo. Mkeka wa kukunja wa sentimita 4 ni mzuri ukiwa mgumu wa kutosha, ila ukingo wake humkwaza mtoto anayeanza kutembea. Upime hivi: piga goti moja juu yake kwa uzito wako wote. Goti lisiguse sakafu, na ukiinuka shimo la goti lijae papo hapo. Likibaki hata kwa muda mfupi, hilo ni povu la aina ya godoro, halifai.

Kwa pacha usichukue chini ya mita 1.5 kwa 2, kwa kuwa watakapoanza kutambaa hawatafuata njia moja. Ukichagua vipande vya kuunganisha, vya sentimita 60 ni bora kuliko vya 30. Eneo la mita 1.2 kwa 1.8 linahitaji vipande 6 vikubwa, au 24 vidogo, na kila kiungo ni mahali pa kucha kuchokonoa na maziwa kupenya.

Mtoto akisinzia hapo mkekani nimwache? — Mlezi

Mhamishe kwenye kitanda chake, umlaze chali kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mito. Mkeka ni wa mtoto aliye macho na mtu mzima aliye karibu. Mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa anahitaji angalau dakika 30 za kulazwa kifudifudi akiwa macho kwa siku, zikigawanywa. Ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Dakika tatu au tano kwa mkupuo zinatosha kuanzia.

Nimeinua mkeka nikakuta madoa meusi chini yake. Niusafishe kwa nini? Pembe moja pia imetafunwa. — Baba wa mtoto wa miezi tisa

Hiyo ni kuvu, ndugu. Sakafu ni baridi kuliko hewa ya chumba, unyevu unakusanyika chini ya povu, na povu haliruhusu utoke. Chanzo cha kawaida ni kutandika mkeka kabla sakafu haijakauka baada ya kupigwa deki.

Toa mtoto chumbani, fungua madirisha. Futa madoa kwa maji ya moto kiasi na sabuni, suuza, kausha kivulini mpaka mkeka uwe mkavu kabisa. Kwenye gamba la PU usitumie spiriti wala klorini, kwani huupasua uso na maji yakaanza kuingia ndani. Na kamwe usichanganye klorini na siki; mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Doa likibaki baada ya kuosha mara mbili, kuvu imeshaingia ndani ya povu na mkeka haufai tena. Kwenye mkeka wa kukunja chunguza pia mishono, kwa kuwa ndipo mkojo na maziwa hujipenyeza.

Kuanzia sasa uinue kila jioni, uuegemeze ukutani hadi asubuhi. Kwa usafi wa kila siku kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja kinatosha, kisha ufute tena kwa kitambaa chenye maji matupu, maana mtoto ataulamba. Dawa za kuua vijidudu za kupulizia si za lazima.

Pembe iliyotafunwa haina mjadala. Kama ni vipande, toa hicho kimoja na uweke kipya. Kama ni mkeka mzima, kata sehemu hiyo kwa mkasi mpaka ufike kwenye povu zima lisilochakaa, uuangalie kila siku, na povu likianza kutoa chembe unapolisugua kwa kidole, utupe mkeka wote.