Mzee wa miaka 70 mwenye presha anaruhusiwa mazoezi

Anaruhusiwa, na presha inashuka kweli hata akianza na umri huo. Kutembea kwa mwendo wa kuchangamka, kama dakika 30 kwa siku tano za wiki, hushusha ile namba ya juu kwa 5 hadi 8 hivi kwa mwenye presha ya kupanda. Ndivyo ulivyosema mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa 2017. Kasi yenyewe iwe ya kuweza kuongea ila si kuimba.

Uchambuzi wa majaribio 270 uliotoka 2023 kwenye jarida la Uingereza la tiba ya michezo ulikuta kwamba kukaza misuli bila kusogea, mfano kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa, ndiko kulikoshusha zaidi. Lakini washiriki walikuwa watu wazima wa rika mbalimbali, na mzee mwenye magoti mabovu mimi ningemwanzisha na kutembea tu. Akikaza misuli asibane pumzi, hapo presha hupanda ghafla.

Dawa haachi! Wengi namba zikikaa vizuri wanatupa vidonge. Na kama akipima ametulia anakuta 180/110 au zaidi, aende hospitali kwanza, mazoezi baadaye. Anayetumia vidonge vya presha akimaliza zoezi asisimame ghafla, kizunguzungu kitamwangusha. Akiacha mazoezi, baada ya wiki chache faida inaanza kupotea.