Machicha ya bia kwa kondoo
Ndugu uliyeuliza kutoka Muheza kama unaweza kuwalisha kondoo machicha ya bia, yaani mabaki ya nafaka baada ya kutengeneza bia, machicha hayo yanawafaa kondoo kwa kuwa yana protini nyingi, lakini yakiwa mabichi asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake ni maji, na kwa joto letu la Tanga huchacha na kuota ukungu ndani ya siku chache. Hivyo yashindilie kwenye pipa lisilopitisha hewa. Waanzishie kidogo kidogo, pamoja na majani. Ninalokusihi zaidi ni kuepuka mabaki ya pombe kali iliyokenekwa (iliyopatikana kwa kuchemsha na kupoza mvuke) katika mitambo ya shaba, maana shaba hiyo huingia kwenye mabaki na hujikusanya kimyakimya kwenye ini la kondoo, kisha ghafla macho yanakuwa ya manjano, mkojo unatoka wa kahawia iliyokolea, na mnyama anakufa, ilhali ng'ombe huistahimili zaidi.